Viti Kumi na Vinne

Navibeba nyuma ya gari, viti kumi na vinne vya kukunja.
Kimoja kina mguu mfupi; hicho ndicho changu.
Nina birika la umeme, kahawa, na boksi la tishu
ambalo siliweki mezani. Nimejifunza:
mwanamume wa Montana akiona tishu mezani
hugeukia mlangoni, akasema amekosea chumba.

Jimbo hili ni kubwa kuliko subira ya wanaolitawala.
Kutoka Scobey hadi Jordan ni nyasi, seng'enge, nyasi,
ghala la ngano, ubao wa kanisa uliopukutika herufi.
Redio husoma bei za ndama. Kisha barafu.
Kisha bei za ndama.

Jumatatu, kituo cha zimamoto, walikuja tisa.
Jumatano, maktaba ya Malta, mmoja:
Verna Tveit, mkutubi mwenyewe,
aliyenionea huruma, akafunga kaunta, akaketi.
Nikafundisha kana kwamba ukumbi umefurika.
Uliza wazi, nikamwambia. Usipige kona.
Usiseme, "Huwazi upuuzi wewe, sivyo?"
Sema, "Unafikiria kujiua?"
Neno hilo si mbegu, halioti kwa kutajwa.
Akalirudia mara tatu,
kwa sauti ya maktaba.

Kule Wolf Point, akina mama walivitazama viti vyangu
wakacheka. Delphine akaleta mablanketi ya nyota
yaliyoshonwa na dada zake, akavifunika kimoja kimoja.
"Sasa," akasema, "mtu anaweza kulia hapa."
Siku hiyo mwalimu hakuwa mimi.

Na yuko Orrin Sletten, dereva wa lori la gesi.
Huingia kila ua. Anajua nani ameacha kulipa,
nani ameacha kuzoa theluji mlangoni,
mbwa wa nani amekonda.
"Nilidhani nimeajiriwa kujaza matangi," aliniambia.
Mwezi Februari aliuliza lile swali, bomba likiwa mkononi,
na mwenye shamba akatazama viatu vyake
mpaka tangi likajaa.
Kisha akaingia ndani, akarudi na funguo za kabati la bunduki.
Orrin amezitundika jikoni kwake,
kando ya mkanda wa mbwa wake aliyekufa.
Usiniulize kama yule bwana alipona.
Alhamisi hupita kuuliza kama funguo bado zipo.
Zipo. Hunywa kahawa. Alhamisi nyingine huja tena.

Kaka yangu Arlen alikuwa fundi wa matrekta.
Mama alisema, amechoka.
Sisi sote tulisema, amechoka.
Hata kaburini kuna mtu alisema,
maskini, alikuwa amechoka.
Wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu
hawakusema mshindo huo hulia miaka mingapi.
Mimi nahesabu. Huu ni wa kumi na moja.

Juzi imekuja barua kutoka Helena, karatasi nzuri, nzito.
Fedha zimepungua. Mwakani
nitalipiwa mafuta ya nusu ya jimbo,
na wananiomba, kwa heshima zote,
nichague nusu ipi.

Nimeendesha nayo siku nne kwenye kiti cha abiria,
kama mtu asiyetaka kuzungumza.

Leo niko Circle, mji ulioitwa duara,
ukumbi wa shule, harufu ya viatu vya mpira wa kikapu.
Theluji inapiga madirisha. Saa moja na nusu usiku, hakuna mtu.
Nimevipanga vyote kumi na vinne hata hivyo.
Barua nimeikunja mara nne,
nikaisukuma chini ya ule mguu mfupi.
Kiti kimetulia. Kwa mara ya kwanza, kimetulia.

Nje kuna mtu amepaki. Hajazima injini,
hajazima taa. Dakika kumi sasa.
Simwiti.
Nasogeza kiti kimoja karibu na mlango.