Sindano Isiyo na Uzi

Sindano naijua. Miaka kumi na minne
nashona sare za shule pale Soko la Uhuru,
kibanda cha nne ukihesabu kutoka choo cha kulipia:
kola, mifuko, pindo la sketi ninaloliacha nene
ili mtoto akirefuka mamake asinunue nyingine.
Nimejidunga vidole hadi havishtuki.
Lakini sindano ya leo haina tundu.
Haina uzi. Sasa inashona nini?

"Haishoni," asema Daktari Gathoni. "Inabisha hodi."

Ghorofa ya tatu, Ngara. Lifti ilikufa tangu Pasaka,
naye husema ngazi ni nusu ya dawa.
Nalala chali. Moja chini ya kitovu,
mbili juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani,
moja katikati ya nyusi, nyembamba kama unywele,
unywele ule ule
ninaoung'oa kidevuni kwa kibano, taa ya bafu imezimwa nusu,
kabla Musembi hajaamka.

Hospitali walinionyesha picha. Nikaona vifungo.
Vidogo, vya shati la darasa la kwanza,
vimejipanga ukingoni mwa kila kifuko cha mayai,
vifungo tele, na hakuna aliyewahi kuvikatia vitundu.
Nikauliza kosa nilifanya wapi.
Mpiga picha akafuta mafuta tumboni mwangu, akaita, "Anayefuata."

Mama mkwe hupiga simu Jumapili.
"Mwikali, habari ya huko?"
Huko kwake si Donholm.
Huko ni hapa, vidole vitatu chini ya kitovu.
Nami humjibu kwamba mvua imenyesha.

Mandazi ya saa nne nimeyazika, na chai iliyoshiba sukari.
Usiku wa tatu nilimwota muuza mandazi,
karai lake, mafuta yakicheka,
nikaamka nimekumbatia mto. Musembi hakuuliza.
Sasa ni ugali wa wimbi, kiganja kimoja, na terere mlima mzima.
Jioni nafunga cherehani, navaa raba,
naifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu hadi nyumbani,
vumbi na moshi na mahindi ya kuchoma yakiniita jina.
Wiki ya kwanza nilitembea nikilia. Ya pili nikitukana.
Ya tano nilikuta nimefika.

Siku moja nilimuuliza daktari waziwazi:
nitapata?
Alichomoa sindano ya mwisho, akaitia kwenye kopo.
"Mimi naanza na usingizi wako," akasema.
"Na vile vidonge vya hospitali, nisisikie umeviacha."
Nililipa. Nilikasirika hadi chini ya ngazi.
Usiku ule nililala saa nane mfululizo, kama gunia.

Ukutani kibandani pana kalenda ya duka la misumari.
Huweka duara kwa chaki ya fundi.
Februari tupu. Machi tupu.
Aprili imetakata kama shati la mwalimu mkuu.
Mei nikaacha kutazama.

Ikaja Jumanne ya Juni, yenyewe bila hodi,
nikiwa nimekalia mita sita za kitambaa cheupe,
mashati ya kwaya, mteja anakuja saa nane.
Nikainuka. Nikageuka. Nikaona.
Nilicheka hadi Bi Rukia wa kibanda cha tano
akadhani nimeshinda bahati nasibu,
akaja mbio na tepu shingoni,
naye alipoona, akanifunga leso kiunoni, kimya,
akarudi kwenye mkasi wake.

Hasara: shilingi elfu moja na mia nane.
Nimeiandika kwenye daftari, sababu sikuandika.
Tumbo liliuma hadi Ijumaa, maumivu ya haki,
nami sikumpigia mtu simu.

Ngara naenda Alhamisi. Lifti bado.
Kitambaa nimekiloweka mara tatu, alama imegoma kutoka.
Duara la Juni lipo.
Julai sijui.
Julai nimeiachia pindo nene.