Zulia Limekunjwa

Alhamisi, baada ya isha, tunalikunja zulia la majlisi,
mimi pembe hii, Nadhir pembe ile,
goti lake bovu likilia kama ganda la karanga.
Vigae vinabaki uchi. Dele la kahawa tunalipandisha dirishani,
mbali na viwiko.

Mwalimu wetu, Bi Luningning, mchana humulika taa
vinywani mwa watu, kliniki ya meno hapa hapa Maabela.
Usiku hubandika utepe wa buluu sakafuni,
alama ndogo ya kujumlisha, na kusema:
Mzunguko wa kulia mnao. Wa kushoto mnao.
Sasa msiende popote.
Flekali ni kuzunguka hapo hapo, mkisimama juu ya sahani moja.

Hapo hapo! Na sisi miezi saba tumejifunza kwenda,
kutoka kabati la vikombe hadi mlango wa jikoni,
walsi yetu ikipita chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Kulia hatuna shida. Kulia tumezaliwa nako:
kulia chakula, kulia machozi, mkono wa kulia,
neno moja na kazi tatu kwa mshahara mmoja.
Kushoto ndiko tunakoumbuka.
Yeye ameshapeleka mguu mbele, mimi wangu sijauvusha nyuma,
na kidole gumba changu
sasa kinakijua kisigino chake kuliko anavyokijua fundi viatu.

Vichwa nje, anasema Bi Luningning, kama mliogombana.
Viuno ndani, kama mliopatana.
(Nadhir: Hayo ya kwanza hatuhitaji mwalimu.)

Wifi yangu Raiya alichungulia akicheka.
Haya mambo ya kizungu, mtayaweza?
Nikamwambia: kizungu, kizunguzungu, mzunguko,
hao ni tumbo moja, wifi, na sisi tunawajua wote watatu.
Kisha nikashika ukuta, maana dari lilikuwa bado linakwenda.

Wiki ya nne tukaambiwa tuhesabu kwa sauti.
Mimi: moja, mbili, tatu.
Yeye: wahid, thnein, thalatha,
kama alivyofunzwa Bahla, kwa fimbo.
Bi Luningning akanyamaza. Akaturudisha. Akanyamaza tena.
Thalatha yake ilikuwa na mkia!
Mimi nimeshafika moja nyingine, namngoja
kama mtu anayengoja lifti na huku anaisikia inavyosimama kila ghorofa.
Miaka ishirini na mitatu ya ndoa.
Nilidhani ni uzito wa mtu tu.

Tukajaribu kahawa: ka, ha, wa.
Ikakataa. Ulimi wetu hukaza katikati,
walsi hukaza mwanzo, na kila tulipofika kwenye ha
tulichuchumaa kama wanaookota sindano.

Basi usihesabu, akasema Nadhir. Pumua, nitakusikia.

Sijui nieleze vipi.
Mguu mbele, mguu nyuma, vidole vikisaga vigae,
uzito wangu ukamwegemea naye akauegemeza kwangu,
na katikati pakawa na kitu kisichotikisika,
chembamba kama msumari wa dira.
Mizunguko sita. Makochi yakapotea, saa ya ukutani ikapotea,
akabaki yeye, na harufu ya udi kwenye kola,
na tundu dogo la sikio nililokuwa sijaliona tangu harusi.

Halafu ikaja ile ya kukata ghafla, kugeuza kushoto kuwe kulia.
Tukaanguka juu ya zulia lililokunjwa,
miguu juu, dishdasha magotini.
Bi Luningning akaangalia simu yake kwa adabu.

Ijumaa zulia limerudi mahali pake.
Utepe tumeuacha chini.
Wageni wanakula halua, wanazungumza bei ya viwanja Barka,
na Raiya, bila kujua, amekalia pale pale,
anasema mbona leo chumba hiki kinamlevya.