Kijiko

Jumanne, saa nne kasorobo.
Chumba cha pili kushoto, juu ya duka la mikate, mjini Kutaisi.
Bomba la joto linagonga kama mgeni asiye na subira.
Namwonyesha Ushangi kalamu.
"Kijiko," anasema.
Namwonyesha saa.
"Kijiko."
Anajua si kijiko. Macho yake yanalifukuza neno
kabla halijatua mezani,
na mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima,
unapiga goti: si hilo, mjinga wewe, si hilo.

Huyu alikuwa tamada,
msemaji wa karamu, miaka thelathini na miwili.
Harusi haikuwa harusi kabla hajasimama na pembe ya mvinyo.
Aliwaombea walio hai, akawaita waliokufa
kwa majina yao na ya baba zao,
bibi arusi akalia, mpishi akasahau moto.
Kiharusi kilimkuta Februari akipogoa mizabibu.
Kikabeba majina ya vitu vyote,
kikaacha mkasi chini, mdomo wazi.

Ulimi hauna mfupa, husemwa.
Mwaka wa kumi na moja huu katika kazi hii
nami naujua uzito wake: gramu sabini, zaidi kidogo.
Zipo asubuhi ambazo mimi na mtu mzima
hatuwezi kuunyanyua, sote wawili.

Mlango unafunguliwa bila hodi.
Barbale, miaka minne na nusu, amefika mapema tena;
bibi yake bado yuko ngazini, anahema.
Kwa Barbale kila *k* huteleza hadi kwenye meno, ikawa *t*.
Paka, ambaye hapa ni *kata*, kwake ni *tata*,
na kweli ni tata.
Chura, *bakaki*, ni *batati*.
Wiki sita nimembonyeza ncha ya ulimi kwa kijiti.
Wiki sita amekitafuna kijiti.

Anaiona kadi ya chura mezani. "Batati!"
Na Ushangi, ambaye hakuulizwa,
anainua kidevu
na kuusema wote, kwa pumzi moja,
ule mchezo wa ulimi wa chura anayekoroma majini,
unaowafunga watoto wa nchi hii midomo
na wageni huushindwa hata wakizeeka hapa.
Kila *k* imetoka chini kabisa ya koo,
kavu, kamili,
kama kizibo kikitoka kwenye chupa.

Sithubutu kusogeza kiti.
Najua ni nini: maneno yaliyokaririwa utotoni
yana chumba chao, na mwizi hakukiona.
Vitabu vinasema hivyo. Vitabu havisemi
ufanye nini na mikono yako wakati huo.

Nikafanya haraka, na nilikosea.
Nikasukuma kadi mbele yake: huyu ni nani, Ushangi?

Kimya. Bomba likagonga.
"Kijiko."

"Si tijito!" Barbale akapaza sauti. "Ni batati!"

Nilimtazama yeye, si mtoto.
Niliogopa lile goti, ule mkono.
Mabega yakaanza kutikisika,
kisha akacheka, upande mmoja wa uso,
cheko la mtu wa meza ndefu,
akaukamata mkono wa mtoto na kuuinua juu
kana kwamba una pembe ndani yake.

Nikaandika kwenye faili: *Malengo ya leo hayakufikiwa.*
Nikaacha mistari miwili mitupu chini,
sijui kwa ajili ya nini.

Koridoni Tsiala anamngoja na koti.
Miaka arobaini na mitatu ya ndoa.
Ushangi anasimama mbele yake, anatafuta,
naliona jina likipanda, likifika kooni,
likibadilishwa njiani.
"Kijiko," anasema, polepole, kwa adabu zote.

"Naam," anaitika Tsiala
bila kuinua kichwa,
bado anatafuta mfukoni
glavu ya pili.