Ubao Wenye Namba

Mwaka jana walikuja Katonga na kopo la rangi nyeupe,
wakaandika namba ubavuni mwa boti yangu,
wakachukua ada, wakanipa risiti.
Boti ikawa yao kidogo.

Usiku ule upepo ulivunja vipe viwili.
Ziwa likala mwalo, choo, na chanja za dagaa.
Asubuhi nikaokota ubao mmoja,
namba imebaki nusu.

Ofisini, bwana Kilahumba akanisogezea fomu:
chombo kiletwe, kikaguliwe.
Nikauliza, kiletwe na nani?

Nikauweka ubao mezani kwake.
Maji yakachuruzika hadi kwenye mihuri.
Akasema niuondoe, unalowesha kazi.

Sijauondoa.
Ule ni mali ya serikali.
Una namba.