Bano Lililozidi

Huku Yakutski kuvaa ni hesabu:
soksi, kisha soksi ya sufu, kisha buti la manyoya,
na ukirudi ndani buti ndilo hutangulia.
Hakuna avuaye soksi angali na buti.

Ndivyo Tuyaara alivyomtunga mkaguzi wake:
kila bano linalofungua hupandishwa juu ya rundo,
kila linalofunga huondoka na la juu kabisa,
mviringo kwa mviringo, mraba kwa mraba,
yenye kiuno kwa yenye kiuno.
Kuhesabu tu hakutoshi. Wameingia wanne, wametoka wanne,
na bado mtu kaondoka na koti la mwenziwe.

Saa nane usiku. Nje, nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri.
Msimbo ni wa boila la shule ng'ambo ya mto Lena,
nusu yake mkono wa Nyurgun,
waliyemzika Machi, ardhi ikipashwa moto siku mbili
ndipo ikubali sepetu.

Mkaguzi akagoma:
mstari wa mia tatu na kumi na nane,
bano la kufunga, mwenzake hajulikani.

Akapanda, akashuka, kidole kwenye kioo
kama mtoto anayeanza kusoma.
Chai ya maziwa ikavaa utando.
Kisha akaliona, ndani ya alama za nukuu,
ujumbe wa kumtokea mlinzi wa boila alfajiri:

"Moto umeshika, babu Semyon. Kalale :)"

Nukta mbili za macho. Bano moja la mdomo,
halifungi kitu.

Kufuta herufi moja tu, mkaguzi angenyamaza,
naye angelala. Kidole kilikuwa tayari.
Kilikaa hapo hapo, tayari, muda mrefu.

Akamrudia mkaguzi, akamfunza adabu kwa mistari sita:
ukikuta alama za nukuu, fumba macho, pita,
hayo ni maneno ya mtu, si yako kuyahesabu;
zikifungwa, fumbua.
Akamwendesha upya. Rundo likapanda, likashuka,
likabaki sifuri.

Saa kumi na moja, ng'ambo,
babu Semyon akainamia kioo kidogo chenye masizi.
Moto anauona mwenyewe, haambiwi.
Lile bano yeye hulidhani doa;
hulisugua kwa kidole cha glavu kila asubuhi,
nalo halitoki.