Nguzo ya Maktaba

Walimwita kutoka Concepción, mji usiotujua,
wakamlipa pesa ambazo tungenunulia mabati.
Nilisema hivyo mbele ya baraza, na si kwa kunong'ona:
kisiwa hiki tumekijenga wenyewe, kwa mbao na misumari,
iweje ramani ya shule yetu isomwe na macho ya kukodi?

Bi. Mireya Sanhueza alishuka kivukoni na mvua yake,
mkoba mmoja, chupa ya chai, rula ya chuma iliyofutika namba.
Hakusifu bahari. Hakuuliza jina la kanisa.
Aliomba meza pana, taa, na mlango ufungwe.

Siku mbili tulisikia karatasi tu.
Nilipitapita dirishani kama mwenye mgonjwa ndani.

Siku ya tatu akaniita. Hakushika kalamu nyekundu.
Aliweka kidole ghorofa ya pili, kwenye mstari wa D:
"Nguzo hii, huku chini imesimama wapi?"

Nikafunua karatasi ya chini.
Maktaba. Nafasi nyeupe, pana, niliyoipenda kupita zote,
watoto wasome huku wakitazama maji bila kizuizi.
Nguzo ilikuwa imesimama juu ya hewa.
Nilichora mimi. Alikagua Huenchur. Tulitia saini watu saba,
kila mmoja akiliamini jicho la mwenzake.

Nilingoja anicheke; jibu nilikuwa nalo.
Akamimina chai kwenye kifuniko, akanisogezea.
"Hata mimi niliwahi kupitisha jengo," akasema.
"La rafiki yangu. Nilimwamini, nikaangalia haraka."
Hakusema lilikuwa wapi.
Katika nchi hii ardhi hutikisika,
na mtu halazimiki kumaliza kila sentensi.

Leo nguzo imepenya katikati ya maktaba,
nene, mbaya, imelikata dirisha vipande viwili.
Watoto huitundikia makoti yaliyolowa.
Kila Machi, shule zikifunguliwa, mwalimu Rosalba huuliza
ni mpumbavu gani aliyeiweka pale.
Nanyamaza.
Wakishatoka wote naipiga kofi dogo,
kama mtu apigavyo shingo ya ng'ombe aliyemvusha mto.

Mwezi ujao tunaanza kuchora zahanati.
Barua ya Concepción nimeshaipeleka posta, fupi,
haina hata salamu.
Mgeni njoo, nimeandika.
Yanayofuata anayajua.