Nambari Arubaini na Moja

Tartu, mwezi wa Machi. Mto bado umevaa barafu yake kuukuu.
Katika chumba cha chini cha kitivo cha tiba
Vaike anakausha mifupa juu ya magazeti
kama mtu aanikaye uyoga.

Pingili anazitunga kwa waya wa shaba:
saba za shingo,
kumi na mbili zinazoshika mbavu,
tano za kiuno, nene, zilizozoea kubebeshwa.
Ile ya juu kabisa ni pete tu,
na kichwa kizima kimeikalia pete hiyo
kikisema ndiyo.
Ya pili ina jino lililochomoza ndani ya pete;
kwa jino hilo tunasema hapana.

Kati ya pingili na pingili anaweka kipande cha mpira
badala ya gegedu iliyokwisha kwenda zake.
"Asubuhi mna kimo kuliko jioni," huwaambia wanafunzi,
"siku inatukamua."

Na huku chini kitokono,
mkia tuliouacha njiani,
hatuukumbuki mpaka siku ya kuteleza.

Kila aliyelala humu alikuja kwa barua, kwa hiari yake,
na akishafika mlangoni hunyang'anywa jina.
Huyu ni Arubaini na Moja. Mwanamume. Miaka sabini na kitu.
Yatosha, wanasema.

Haitoshi. Mifupa haijui kutunza siri.
Tazama goti la kulia lilivyosuguka
likang'aa kama kitasa cha mlango wa zahanati.
Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokubaliana kutogusana,
kati yao ute kidogo, kama ute wa yai;
hapa mapatano yalivunjika zamani.
Huyu alipiga magoti miaka mingi, na si kanisani:
alitandika sakafu za mbao za watu wengine.

Alipofika kwenye mtulinga wa kushoto
Vaike alivuta kigoda akakaa.
Katikati ya mfupa palikuwa na fundo,
kama mti uliomeza msumari.
Akalipapasa kwa kidole gumba, mara mbili.
Akautoboa mfupa, akaufunga mahali pake.

Jioni hiyo kifupa cha kooni hakikuonekana.
Ni chembamba, kimepinda kama kwato ya mwanakondoo,
hakigusani na mfupa mwingine wowote;
kinaning'inia kwa kano, ulimi umekisimamia.
Watu husema ulimi hauna mfupa.
Unao, ila huu hupotea upesi.
Alifagia, akachekecha maji ya sinki,
akafungua hata mfuko wa vumbi.
Akakikuta kwenye mfuko wa aproni yake mwenyewe
na hakumbuki kukitia humo.

Siku ya mtihani kiunzi kilisimama dirishani,
mifupa mia mbili na sita, pamoja na kulabu moja utosini.
Wanafunzi wakaingia, wakaupeana mkono wake ili wabahatike,
na Vaike, ndoo mkononi, akawakemea: "Vidole hivyo si kengele!"

Profesa Lepmets akaelekeza kijiti begani.
"Reelika, unaona nini?"
"Mvunjiko wa utotoni."
"Na?"
"Haukufungwa vizuri, Profesa."

"Ulifungwa vizuri,"
sauti ikatoka nyuma, kwenye harufu ya sabuni.
"Kwa skafu ya mama, ile ya kijivu, mizunguko mitatu.
Ni yeye hakutulia.
Siku ya tano tu karudi kilima cha Kassitoome
na ubao wake wa kutelezea,
na mimi nyuma yake
nikimsukuma tena."

Hakuna aliyeandika kitu.
Bomba la joto liligonga ukutani, likanyamaza.
Vaike akainama kuchukua ndoo,
uti wake ukahesabu pingili moja moja kwa sauti,
na kabla ya kutoka akalirekebisha lile bega
lisimame kama alivyokuwa akisimama Endel:
limeshuka kidogo upande wa kushoto,
kama anayesikiliza mlango.